Pochi ya bitcoin inayotunza siri: watumiaji wa kwanza walisema nini, na sisi wa Singida tujifunze nini?

Leo ukiangusha simu yenye salio la shilingi 200,000 mnadani, iwe Kiomboi, Ikungi au Manyoni, unajua cha kufanya. Unaazima simu ya jirani, unapiga namba 100, unaomba laini ifungwe. Kesho yake unakwenda kwa anayesajili laini, unataja namba yako ya NIDA, unaweka kidole, laini inarudi. Utapoteza siku nzima na nauli ya bodaboda, lakini pesa unaikuta.

Sasa fikiria pochi ya pesa ambayo hata kampuni iliyoitengeneza haiwezi kuifungua. Haijui una kiasi gani ndani na haiwezi kukuzuia kutuma. Lakini ukipoteza ufunguo wake, haiwezi kukurudishia hata senti moja. Hakuna namba 100 ya kupiga.

Pochi ya namna hiyo ilizinduliwa tarehe 24 Julai 2024 na kampuni ya Proton ya nchini Uswisi. Inaitwa Proton Wallet, na inatunza sarafu ya kidijitali ya bitcoin. Waliofunguliwa mlango kwanza walikuwa baadhi ya wateja wa kulipia wa kampuni hiyo, wakapewa na nafasi ya kuwaalika wengine. Hao ndio waliotoa maoni ya mwanzo, na maoni yao hayakufanana.

Ndugu msikilizaji, unaweza kuuliza: ya Uswisi yanatuhusu nini sisi tunaohangaika na bei ya alizeti na vitunguu? Yanatuhusu kwa sababu neno bitcoin limeshafika kwenye vijiwe vyetu na kwenye makundi ya WhatsApp, na mara nyingi linaletwa na mtu anayetaka mtaji wako. Walichokisema watumiaji wale wa kwanza kinatupa maswali ya kumuuliza mtu huyo kabla hatujatoa shilingi.

Proton ni nani?

Proton ilianza mwaka 2014 mjini Geneva. Waanzilishi wake ni wanasayansi waliokutana CERN, kituo kikubwa cha utafiti wa fizikia kilichopo huko. Walianza na huduma ya barua pepe iliyofungwa kwa namna ambayo kampuni yenyewe haiwezi kusoma barua za wateja. Baadaye wakaongeza huduma za kutunza mafaili, kalenda na maneno ya siri.

Kwa nini kampuni ya barua pepe iingie kwenye pesa? Wenyewe wanakumbusha jambo lililowapata mwaka huo huo wa 2014. Walikuwa wanachangisha fedha kwa umma ili waendeleze kazi yao, na kampuni ya malipo ya PayPal ikaizuia akaunti yao iliyokuwa na takribani dola 275,000. Baada ya siku chache ilifunguliwa, lakini somo lilibaki: pesa ikiwa mikononi mwa mwingine, mwingine ndiye anayeamua lini utaitumia.

Kihenge na ghala

Tuelewane kwanza kuhusu aina mbili za pochi.

Mkulima wa dengu anayepeleka mzigo kwenye ghala la stakabadhi anapewa karatasi inayosema ana kilo kadhaa. Mzigo hauko nyumbani kwake tena, una mlinzi, na ukipungua kuna wa kumdai. Pesa ya kwenye simu iko hivyo. Salio unaloliona ni kama ile stakabadhi, kwa sababu sheria inataka kampuni ya simu iweke fedha halisi za wateja benki, kwenye akaunti maalumu ya dhamana, chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Tanzania.

Mkulima mwingine anaweka mazao yake kwenye kihenge nyumbani. Hakuna wa kumzuia kutoa debe usiku wa manane, na hakuna karani wa kumwibia. Ila panya akiingia au mwizi akivunja, hasara ni yake peke yake.

Kwenye bitcoin kuna maghala na kuna vihenge. Maghala ni yale masoko ya sarafu za kidijitali ambako mtu ananunua na kuziacha humo humo. Ghala moja lililoitwa Mt. Gox, nchini Japani, lilifilisika mwaka 2014 baada ya kupoteza bitcoin zipatazo 850,000 za wateja na za kwake. Lingine, FTX, lilianguka Novemba 2022 na kuwaacha wateja duniani kote wakisubiri mahakama. Maghala hayo hayakuwa na ulinzi kama ule wa akaunti ya dhamana tuliyoitaja.

Proton Wallet ni kihenge. Ukiifungua inakupa maneno 12 yaliyopangwa kwa mfuatano. Maneno hayo ndiyo ufunguo. Aliye nayo anaweza kuzichukua sarafu zako kutoka popote duniani, hata akitumia programu ya kampuni nyingine. Asiye nayo, hata awe mwenye kampuni, hawezi.

Waliosifu walisifu nini?

Jambo la kwanza ni urahisi wa kutuma. Kwa kawaida, kumtumia mtu bitcoin unahitaji anwani yake, ambayo ni mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu usiokaririka. Ukituma kwenye anwani ya mtu mwingine kimakosa, pesa imekwenda, hakuna kurudisha muamala. Proton iliruhusu kutuma kwa barua pepe ya mpokeaji, ikiwa naye ana pochi hiyo. Programu yenyewe inaitafuta anwani, tena inatumia mpya kila mara. Sisi tulioanza kutumiana pesa kwa namba ya simu tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 tunaelewa thamani ya jambo hilo. Jina linapotokea kabla hujaweka namba ya siri, roho inatulia.

La pili ni uwazi wa programu. Kampuni ilitoa hadharani maandishi yote yanayoiendesha, hivyo mtaalamu yeyote anaweza kuyakagua aone kama kuna mlango wa nyuma. La tatu ni jina la kampuni. Wengi waliokuwa wanaogopa pochi za bitcoin zenye watengenezaji wasiojulikana walisema hii angalau ina mwenyewe, ana anwani, na ana historia ya miaka kumi.

Waliolalamika walilalamikia nini?

Lalamiko kubwa lilikuwa hili: kampuni inayouza siri imechagua sarafu isiyo na siri.

Hapo panahitaji maelezo. Daftari la bitcoin liko wazi kwa dunia nzima. Ni kama mnada ambao kila ng'ombe anayeuzwa anatangazwa kwa kipaza sauti, kwa namba ya sikioni na bei yake, bila kutaja jina la muuzaji. Ukikaa mnadani muda mrefu, ukamwona mzee fulani akimswaga ng'ombe yule yule, unaunganisha namba na mtu. Kuanzia hapo unajua aliuza wangapi na alipata kiasi gani, hata kwa minada ya nyuma. Bitcoin iko hivyo. Majina hayamo kwenye daftari, lakini kuna kampuni ambazo kazi yake ni kuunganisha anwani na watu. Kubadilisha anwani kila mara kunapunguza tatizo, hakuliondoi.

Ndiyo maana baadhi ya watumiaji waliuliza kwa nini Proton haikuchukua Monero, sarafu iliyotengenezwa ili daftari lake lisionyeshe nani katuma wala kiasi gani. Wengine waliitetea kampuni wakisema sarafu hiyo imekuwa ikiondolewa kwenye masoko mengi kwa shinikizo la wasimamizi wa fedha, na bitcoin ndiyo inayojulikana na wengi.

Lalamiko la pili lilikuwa la mayai yote kwenye tenga moja. Mtu ambaye barua pepe yake, maneno yake ya siri na sasa pesa yake vyote viko chini ya akaunti moja, akitekwa akaunti hiyo ameisha. Watetezi walijibu kwamba kuna ulinzi wa hatua mbili, na kwamba anayeogopa aandike maneno yake 12 kwenye karatasi aifungie kabatini.

La tatu lilikuwa pochi kutokukamilika. Ilipotoka haikufanya kazi na vile vifaa vidogo ambavyo watu hutunzia ufunguo nje ya simu. Haikuwa na Lightning pia, njia ya kutuma kiasi kidogo cha bitcoin kwa haraka na kwa ada ndogo. Bila njia hiyo, ada haiangalii unatuma kiasi gani, inaangalia msongamano. Tarehe 20 Aprili 2024, msongamano ulipokuwa mkubwa, wastani wa ada ya muamala mmoja ulipita dola 100, zaidi ya shilingi 250,000. Anayetuma shilingi 20,000 ya ada ya shule atalipaje hapo?

La nne lilitoka kwa wateja wa zamani waliokuwa wanasubiri huduma nyingine za kampuni zimaliziwe. Wao walisema tu: malizeni mlichoanza.

Kulikuwa pia na kumbukumbu ya Septemba 2021, Proton ilipolazimika kwa amri ya kisheria ya Uswisi kurekodi na kutoa anwani ya intaneti ya mwanaharakati mmoja wa mazingira wa Ufaransa. Barua zake hazikusomwa, lakini mahali alipounganishia mtandao palijulikana. Kampuni ya siri nayo ina serikali juu yake.

Siri dhidi ya nani?

Hapa ndipo tunapoona tofauti kati ya watumiaji wale na wasikilizaji wetu. Wao wanamhofia mfanyabiashara wa matangazo, benki na serikali. Mtu wa Mkalama au Itigi ana hofu iliyo karibu zaidi: wakala anayeona salio lake, ndugu anayeshika simu yake, jirani anayejua ameuza vitunguu leo.

Tunajua hali ilivyo. Bibi anampa mjukuu simu amsaidie kutoa pesa, na namba ya siri anaitaja kwa sauti mbele ya foleni. Simu moja inatumiwa na baba, mama na kijana wa sekondari. Anayenunua simu janja anafunguliwa barua pepe na muuza duka, anaondoka bila kujua neno lake la siri. Simu ikiharibika, akaunti hiyo ndiyo imepotea.

Ukiweka pochi ya aina ya kihenge juu ya hali hiyo, siri inakuwa mtego. Anayesahau neno la siri la Proton na kulibadilisha bila kuwa na njia ya urejeshaji aliyoiandaa mapema anaona vitu vyake vya zamani vimefungwa. Kilichobaki ni yale maneno 12, kama aliyaandika. Na tukumbuke, maneno hayo kwa kawaida ni ya Kiingereza, yanatoka kwenye orodha maalumu ya maneno 2,048. Zipo orodha za Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kijapani, Kikorea na nyingine, lakini Kiswahili hakimo katika orodha rasmi. Mtu asiyesoma Kiingereza anatakiwa aandike maneno asiyoyajua, kwa mpangilio, bila kukosea, na karatasi hiyo ikae salama na mchwa, mvua na watoto. Akiomba msaada wa kuandika, aliyemsaidia naye ana ufunguo.

Mwenye kitochi hana hata nafasi hiyo, kwa sababu pochi hii inataka simu janja au kompyuta. Mwaka 2022 Mwafrika Kusini mmoja, Kgothatso Ngako, alianzisha huduma iitwayo Machankura inayowezesha kutuma bitcoin kwa kubonyeza nyota na reli kwenye simu ndogo katika nchi kadhaa za Afrika. Ni ubunifu mzuri, lakini huko sarafu zinatunzwa na huduma yenyewe. Umerudi kwenye ghala.

Sheria yetu inasemaje?

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa taarifa kwa umma kwamba sarafu za kidijitali hazitambuliwi kisheria nchini, na kwamba fedha halali ni shilingi. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa na mabadiliko hayo yasije yakatukuta hatuko tayari. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali, kuanzia 1 Julai 2024. Wiki tatu baadaye ndipo pochi ya Proton ikazinduliwa.

Kutozwa kodi kusikudanganye kuwa umelindwa. Kodi inasema serikali imeona biashara hiyo ipo. Haisemi kwamba ukidhulumiwa kuna ofisi itakayokurudishia. Pesa yako ya kwenye simu ina msimamizi, ina dawati la malalamiko, na taarifa zako zina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Bitcoin iliyo kwenye kihenge chako haina msimamizi zaidi yako wewe.

Jirani zetu wa Kenya waliamua kuweka usimamizi. Oktoba 2025 Rais William Ruto alisaini sheria ya watoa huduma wa mali za kidijitali, inayotaka masoko na pochi zinazotunza sarafu za wateja ziwe na leseni. Angalia lakini: sheria ya namna hiyo inalishika ghala. Ufunguo ulioupoteza mwenyewe, hata Nairobi hawana wa kukurudishia.

Msemo mpya wa tapeli wa zamani

Watanzania hatuhitaji kufundishwa utapeli. Mwaka 2009 tuliona DECI, watu wakiambiwa wapande mbegu na watavuna, mpaka serikali ilipoisimamisha na wengi wakabaki na risiti. Kila siku tunapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tapeli habadilishi shamba, anabadilisha mbegu, na sasa mbegu inaitwa bitcoin.

Hapa watumiaji wale wa kwanza wametuachia kipimo kizuri. Katika kusifu na kulalamika kwao kote, walizungumzia ufunguo, ada, siri na urahisi. Pochi haikuwaahidi faida. Pochi ni chombo cha kutunzia, kama kihenge. Gunia kumi zikiingia, kumi ndizo zitakazotoka. Na hata hizo kumi, bei yake huijui: bitcoin moja ilikaribia dola 69,000 Novemba 2021, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 16,000. Kwa hiyo anayekuja kijijini na "pochi" inayozaa asilimia kadhaa kila wiki hauzi pochi.

Maswali manne kabla ya kuweka shilingi

Mtu akikuletea pochi yoyote ya kidijitali, iwe ya Uswisi au ya jirani yako, muulize haya.

Kwanza, ufunguo anao nani? Akisema "nitakutunzia mimi", pesa si yako tena. Na maneno 12 hayaandikwi kwa mwingine, hayapigwi picha, hayatumwi WhatsApp.

Pili, nikipoteza simu nafanya nini? Jibu liwe hatua unazoweza kuzifuata wewe mwenyewe, kwa lugha unayoijua.

Tatu, naigeuza vipi kuwa shilingi, kwa ada gani? Mwambie akuonyeshe kwa kiasi kidogo cha pesa yake mwenyewe, hadi noti ikae mkononi.

Nne, nikidhulumiwa namshtaki nani, ofisi gani? Kama hakuna jibu, weka tu kile ambacho kikipotea watoto watakula na shamba litalimwa.

Wakati huo huo tutunze siri tuliyo nayo tayari. Namba ya siri usiitaje kwa wakala. Barua pepe ya simu yako, ijue wewe na neno lake la siri ulijue wewe. Bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040 ili namba hiyo ishughulikiwe.

Hatusemi bitcoin ni haramu au ni mwokozi. Anayeijua, mwenye simu yake peke yake, anayesoma maneno yale 12 na kuyatunza, ana haki ya kupima mwenyewe faida na hasara. Lakini kwa bibi wa Mkalama aliyeuza kuku wake na kuweka shilingi 60,000 kwenye simu, huduma yenye namba ya kupiga na kidole cha kumtambulisha bado ina thamani kubwa. Atakayemshawishi aiache aanze kwa kumwambia hili: siku ukisahau, mama, hakuna atakayekukumbusha.